Mtoto hajazaliwa, nami nahesabu siku za kurudi kazini

Shikamoo Mshauri,

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta. Leo naituma kabla moyo haujageuka. Tafadhali usitaje jina langu wala la ofisi.

Nina miaka 32, na mimba yangu ya kwanza ina wiki 31. Naishi Mbezi, Dar es Salaam, na ninafanya kazi kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini. Nilianza kama karani wa kuzungusha nyaraka, riflekta juu ya blauzi na helmeti kichwani, jua likinichoma kuanzia geti hadi geti. Leo nina wateja wangu kumi na mmoja. Mzigo wao ukikwama wananipigia mimi, hawampigii bosi. Sisemi haya kujisifu, nataka tu uelewe ninachokizungumzia ninaposema kazi.

Tatizo langu ni hili. Kliniki tunakaa kwenye benchi na wenzangu, na wanaofanya kazi wanalalamika kwamba siku 84 za likizo ya uzazi ni chache. Wanahesabu mtoto atakuwa na wiki ngapi watakapomwacha, wengine machozi yanawalengalenga. Mimi nakaa kimya, kwa sababu nami nahesabu, ila nahesabu kutokea upande wa pili. Usiku mtoto akicheza tumboni na usingizi ukakatika, nafungua kalenda kwenye simu na kutafuta tarehe nitakayorudi ofisini. Nikiiona, moyo unatulia. Halafu naona nguo zake ndogo nilizozikunja juu ya kabati, na aibu inanishika mpaka shingoni.

Siku moja nilijikuta naiwaza likizo yangu kama siku za bure za kontena. Mzigo ukishuka bandarini unapewa siku kadhaa za kuutoa bila kulipia hifadhi. Siku hizo zikiisha, kila asubuhi gharama inapanda. Yaani mwanangu nilimfananisha na kontena. Mama gani anawaza hivyo?

Mume wangu ni dereva wa malori ya transiti. Anapeleka mizigo Lubumbashi kupitia Tunduma na Kasumbalesa. Safari ikinyooka anarudi baada ya wiki mbili, foleni ikikaza mpakani inafika wiki tatu na zaidi. Ni mtu mwema na hajawahi kuninyima kitu. Mwezi uliopita aliniambia, "Mke wangu, wewe acha kazi. Mimi nitaongeza safari. Mtoto wetu asije akalelewa na dada wa kazi." Nilitabasamu, nikaenda jikoni, nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Mama mkwe, yuko Muheza, ana mpango wake. Mtoto akifika miezi sita apelekwe kwake. "Kuzaa si kazi, kazi kulea," alinipigia simu akaniambia, "na kulea mimi nimelea wanane." Alisema pia kwamba maziwa yanayoshinda kifuani mchana kutwa yanachacha, kwa hiyo hata nikirudi jioni mtoto hatakuwa ananyonya kitu cha maana. Jirani yangu naye ameniambia, kwa utani ambao haukuwa utani, kwamba mtoto wa mama anayeshinda mjini na wanaume hubemendwa, yaani hukonda na kudhoofika kwa sababu ya mwenendo wa mama.

Mkasa huo wa kupelekwa kwa bibi naujua. Mama yangu alikuwa mwalimu, akapangiwa Songea, nami nikaachwa Same kwa bibi nikiwa na mwaka mmoja na miezi michache. Nilirudi kwake nikiwa na miaka saba. Bibi nilimwita mama, na mama alipokuja likizo nilijificha nyuma ya bibi. Niliapa nikiwa na akili zangu timamu kwamba mwanangu hatanificha uso. Sasa angalia ninavyofanya.

Ofisini nako hakujatulia. Mimba ilipofika miezi mitano nilimpa bosi barua ya taarifa pamoja na cheti cha daktari. Alisoma akasema, "Hongera sana. Tutaona mambo yatakavyokuwa ukirudi." Wiki iliyopita wateja wangu wanne wamepewa kijana mpya "ili azoee." Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku. Mtoto nitamwona akiwa amelala asubuhi na amelala usiku.

Naomba unisaidie. Mimi ni mama wa namna gani? Niache kazi kama mume wangu anavyotaka? Na je, nimwambie haya ninayokuandikia?

Mama Kijacho, Mbezi


Marahaba, mwanangu. Pole kwa uzito huo wa tumbo na wa moyo.

Umeniuliza maswali matatu. La mwisho ndilo lililonishika, kwa sababu linaniambia kwamba mpaka leo, ukiwa na wiki 31, mambo haya hujamwambia mtu yeyote isipokuwa mimi nisiyekujua. Mume hajui, mama hajui, wenzako wa benchini hawajui. Kwa hiyo kabla ya habari ya kazi, acha nirudie nilivyoelewa, unisahihishe nikikosea. Unaipenda kazi yako na umeijenga kwa miguu yako. Unaogopa kwamba kuipenda ni ushahidi kuwa humpendi mtoto. Pembeni yako wamesimama watu wanne, kila mmoja na suluhisho lake, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza wewe unataka nini. Nawe, kwa heshima au kwa hofu, hujawaambia.

Nilikuwa mkunga kwa miaka mingi kabla ya kushika kalamu hii. Kliniki tunapima presha, tunapima damu na mkojo, tunapima kimo cha tumbo kwa utepe. Hofu hatuipimi. Mama anaingia, anasema "sijambo", anapigwa muhuri kwenye kadi, anatoka. Kwa hiyo uliyoyasikia benchini ni yale yanayosemeka benchini. Kulia kwamba utamwacha mtoto kunasemeka. Kusema "natamani kurudi ofisini" hakusemeki, hivyo usidhani wewe ndiye pekee unayekaa kimya pale. Mimi nimeyasikia mara nyingi, lakini daima mlango ukiwa umefungwa, na daima kwa sauti ya chini kama mtu anayekiri wizi.

Sasa hiyo tarehe kwenye simu yako. Jiulize inakutuliza kwa nini. Mtoto huyu hujawahi kumwona. Hujui kulia kwake, hujui utajifungua vipi, hujui kama atanyonya vizuri au atakusumbua. Katika miezi sita ijayo yote, ile tarehe ndiyo siku pekee unayoijua sura yake: utavaa nini, utapita geti gani, nani atakupigia simu mzigo ukikwama. Mtu aliye gizani hutazama palipo na taa. Huenda kuna zaidi ya hapo, na wewe ndiye unayejua, lakini mimi nisingekimbilia kuliita jambo hilo kutompenda mtoto.

Mfano wako wa kontena ulinichekesha, samahani. Kisha nikaufikiria tena. Umefanya kazi hiyo miaka yote, basi niambie: siku za bure huzihesabu nani? Mtu ambaye mzigo haumhusu hazihesabu hata kidogo. Anayekesha nazo ni mwenye mzigo.

Kuna upande mmoja ambao sitaufanyia mzaha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke mmoja kati ya watano waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, sonona ikiwa mbele, na kwa wajawazito wako zaidi ya asilimia 15. Katika barua yako sijaona dalili za kunitisha: bado kazi inakufurahisha, bado unakunja nguo za mtoto. Ila kama usingizi unakukataa hata mtoto akiwa ametulia, kama chakula hakina ladha, kama hata wale wateja wako hawakupi tena raha, au likakupitia wazo la kujidhuru, na hali ikadumu wiki mbili, mwambie muuguzi wa kliniki kwa maneno hayo hayo. Usisubiri akuulize, pengine hatauliza. Na baada ya kujifungua jipime tena, maana hapo ndipo wengi hunaswa, hata wale waliomsubiri mtoto kwa nyimbo.

Tuje kwa mume. Umesoma maneno yake kama amri ya kuacha kazi. Mimi nimeyasoma mara mbili nikaona vitu viwili vimefungwa pamoja: "acha kazi" na "asije akalelewa na dada wa kazi." Je, kinachomsumbua ni kazi yako, au ni mtu asiyemjua kumshika mwanawe wakati yeye yuko kwenye foleni ya Tunduma na hawezi kufanya lolote? Sijui. Wewe pia hujui, kwa sababu ulimjibu kwa sabuni na vyombo safi. Yeye alimwona mkewe akitabasamu. Kwake yeye, hadi sasa mmekubaliana.

Tena hesabu yake ina pengo ambalo pengine hajaliona. Kuongeza safari ni kuongeza siku za kutokuwepo. Mtoto atampata mama mchana kutwa, halafu baba atakuwa sauti ya simu kutoka Kasumbalesa. Na wewe utakuwa nyumba moja na mtoto mchanga kwa wiki mbili, tatu, ukisubiri mtu mzima wa kuongea naye. Wapo wanawake wanaolimudu hilo kwa furaha, nami nawaheshimu. Swali ni kama wewe, uliyezoea wateja kumi na mmoja, umelitazama hilo kwa macho makavu. Malipo ya safari nayo si mshahara wa tarehe 25: lori likiharibika, mpaka ukifungwa, hakuna safari. Ukiacha kazi, michango yako ya hifadhi ya jamii inasimama na wateja wanahamia kwa mwingine. Ukirudi baada ya miaka mitatu unaweza kuanzia tena kwenye helmeti. Usipoacha, kuna gharama pia, nayo umeiandika mwenyewe: mtoto aliyelala asubuhi, mtoto aliyelala usiku. Sioni njia isiyolipiwa hapa. Ninachoona ni kwamba unachagua kati ya mbili ilhali huenda ziko tano.

Maana barua yako inakichukulia kitu kimoja kana kwamba kimeshaamuliwa: ukirudi kazini, utarudi kwa saa zile zile za zamani. Nani amesema?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 84 zenye malipo, na 100 kama ni mapacha. Hilo unalijua. Wengi hawajui mstari unaofuata: mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kwa ajili ya kumnyonyesha mtoto. Kutoka bandarini kwenda Mbezi kunyonyesha na kurudi, saa mbili zitaishia barabarani. Lakini ukikubaliana na bosi kuziweka zote mwisho wa siku, unatoka mapema kabla mji haujaanza kusukumana, na huyo mtoto utamkuta macho. Ofisi nyingine hukubali moja asubuhi na moja jioni. Ni jambo la kuzungumza, na ni vizuri kulizungumza sasa, kwa maandishi, kuliko siku ya kwanza ya kurudi ukiwa umelowa maziwa kifuani. Nasema hivyo kwa kujua: nilirudi wodini mwanangu wa pili akiwa na wiki nane, na gauni langu jeupe lilinisaliti mbele ya daktari na wanafunzi wake sita.

Kisha hesabu ya siku zenyewe. Unaruhusiwa kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio. Ukifanya hivyo, siku 28 zinaliwa kabla mtoto hajafika, na utarudi akiwa na wiki nane tu. Ukisubiri hadi wiki ya mwisho, utarudi akiwa na wiki kama kumi na moja, lakini miguu yako na jua la bandarini vitakuwa na neno la kusema, na mtoto wa kwanza hana kalenda. Kuna pia likizo yako ya mwaka, siku 28. Kama hujaitumia, wengi huiunganisha na ya uzazi kwa makubaliano na mwajiri, na jumla inakuwa siku 112, wiki 16. Sikuambii upange vipi. Nakuambia siku 84 si ukuta.

Kuhusu bosi, "tutaona" ni neno la kuchukuliwa kwa tahadhari. Pengine alimaanisha hajui ratiba. Pengine alimaanisha zaidi. Wateja wanne kupewa kijana wakati unakaribia likizo kuna maana yake ya kawaida: mizigo haisubiri uzazi. Jambo la kuuliza, kwa upole na mbele ya karatasi, ni kama wateja hao wanarudi kwako ukirudi, maana sheria inasema mama hurejea kazini kwa masharti yale yale aliyoyaacha. Mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Tunza nakala ya ile barua yako ya taarifa yenye tarehe ya kupokelewa. Ikitokea mabaya, malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na wengi huzipoteza siku hizo wakilia nyumbani. Lakini usiende kwa bosi na sheria mkononi kama panga. Nenda na mpango. Sehemu kubwa ya kazi yenu siku hizi hufanyika kwenye mfumo wa kompyuta; uliza kama siku moja au mbili kwa wiki unaweza kushughulikia nyaraka ukiwa nyumbani, na kijana akimbie getini. Akikataa, umejua. Akikubali nusu, umepata nusu.

Mama mkwe sasa. Habari ya maziwa kuchacha kifuani nimeisikia kutoka Tanga hadi Kigoma, na wanaoisema huisema kwa mapenzi. Maziwa hayachachi ndani ya titi. Ukirudi jioni mpe mtoto bila kumwaga tone. Ukiwa kazini ukayakamua, kwa mkono safi au kwa pampu, yaweke kwenye chombo safi chenye kifuniko. Nje ya friji hukaa saa nne kama pana ubaridi wa nyuzi 25 au chini yake, na Dar ya Januari unaijua, hivyo yapeleke kwenye friji mara moja, au kwenye kibebeo chenye barafu. Ndani ya friji hukaa hadi siku nne, umeme wa LUKU ukiwepo. Anayebaki na mtoto ayapashe kwa kukiweka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu, asiyachemshe, na ampe kwa kikombe kidogo, ambacho husafishika kirahisi kuliko chupa. Ushauri wa wataalamu ni maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza. Kwa mama anayerudi akiwa na mtoto wa wiki 12 hilo ni kazi, tena kazi kweli. Wapo wanaolifikia, wapo wanaofika nusu ya njia. Anza kukamua wiki mbili tatu kabla ya kurudi, usianze jana yake.

Jirani na kubemenda kwake umwache. Mtoto anayekonda ana sababu: hashibi, ana kuhara, ana malaria, ana maradhi mengine, na dawa yake ni kumpeleka kituo cha afya. Imani hiyo imetumika vizazi na vizazi kumfunga mama mlangoni, na baba, kama utaona, haulizwi alikoshinda.

Pendekezo la Muheza nisingelitupa kwa hasira. Mama mkwe ametaja miezi sita kwa sababu anataka kukusaidia kwa kitu anachokiweza. Pengine kuna namna nyingine ya kuutumia moyo huo. Umewahi kumwuliza kama anaweza kuja Mbezi, badala ya mtoto kwenda kwake? Arobaini nzima, au ule mwezi wa kwanza wa kurudi kwako kazini, akimsimamia dada na kumfundisha? Pengine atakataa, ana shamba na kuku. Kuna hatari pia, na wewe unaijua kuliko mimi: mama mkwe jikoni kwako kwa miezi si jambo dogo. Lakini mlango huo hujaubisha.

Kuhusu dada mwenyewe, nitakuwa mfupi. Mtafute mtu mzima, mtafute mapema, akae nawe ukiwa bado likizo ili umwone anavyomshika mtoto akilia. Usiletewe binti wa miaka 13 kutoka kijijini. Huyo naye ni mtoto wa kulelewa. Mlipe vizuri, kwa tarehe, mpe siku ya kupumzika. Vituo vya kulelea watoto mchana vipo, vile vilivyosajiliwa chini ya Ustawi wa Jamii ndivyo vya kuangalia kwanza, ingawa utakuta vingi vinapenda mtoto aliyeanza kutembea.

Nimebaki na Same. Hapo nilisoma taratibu. Umeandika kwamba ulijificha nyuma ya bibi, na kwamba uliapa. Kutoka hapo umejenga daraja moja kwa moja: mama alikuwa na kazi, mimi nikamkosa mama, kwa hiyo kazi ndiyo mwizi. Naomba ulitikise daraja hilo kidogo. Kati ya Songea na Same kuna zaidi ya nusu ya nchi. Kati ya bandari na Mbezi kuna barabara mbovu na foleni, lakini kila usiku mama anarudi, ananyonyesha, mtoto anamnusa. Je, kilichokuumiza ni mama kuwa mwalimu, au ni miaka sita ya kumwona likizo hadi likizo? Na hata hiyo miaka, uliyempata pale alikuwa bibi uliyemwita mama. Sidhani kama unataka kumfuta.

Tena kuna mtu mmoja ambaye upande wake haumo kwenye barua yako. Mama yako alipanda basi la kwenda Songea akiacha mtoto wa mwaka na miezi. Alibeba nini kifuani siku hiyo? Alichagua, au alipangiwa na hakuwa na wa kumwambia hapana? Alipokuja likizo na wewe ukajificha, alikwenda kulilia wapi? Kama bado yupo nawe, huyo ndiye ningeanza naye kabla ya mume na kabla ya bosi. Usiende kumhukumu wala kumtetea. Kaa naye jioni moja umwulize, "Mama, siku ile ilikuwaje?" Anaweza kukwepa, wazazi wetu wengi hawajazoea maswali hayo. Anaweza pia kukupa kitu ambacho mimi hapa siwezi kukupa.

Na mume, ndiyo, angepaswa kujua kitu. Kama ni yote au sehemu, utapima. Hatari ya kumwambia ni kwamba anaweza kusikia "simtaki mtoto wako" hata kama hujatamka hivyo. Kwa hiyo huenda usianzie kwenye kalenda ya usiku. Anzia kwenye vyombo: "Siku ile uliposema niache kazi, nilikwenda kuosha vyombo safi. Unajua kwa nini?" Kisha umwache naye aseme anachokiogopa. Chagua siku ya pili baada ya safari, siku ya kwanza dereva huwa ni maiti. Mkumbushe pia kwamba sheria hiyo hiyo inampa baba siku tatu za likizo ndani ya wiki ya kwanza mtoto akizaliwa. Ni chache mno, lakini lori linaweza kumngoja siku tatu.

Umeniuliza wewe ni mama wa namna gani. Bado, mwanangu. Mama Kijacho umejiita mwenyewe, na jina hilo lina nafasi ya kutosha ndani yake. Unaweza kujifungua ukajikuta hutaki kutoka chumbani hata kwenda sokoni, na kazi ikakupungukia ladha. Unaweza kufika wiki ya sita ukiililia ofisi. Wapo wanaolia siku ya kurudi na kucheka kufikia mchana, nami nimewaona wanaoacha kazi mwezi wa tatu baada ya kurudi, kwa hiari yao, bila majuto. Uamuzi wa wiki ya 31 haukufungi wiki ya 50. Ukiweza, usimwahidi mtu yeyote jambo la kudumu kabla ya kumwona huyo mtoto. Mwambie mume hivyo, mwambie na mama mkwe.

Niandikie akishafika, hata mistari miwili, hata iwe saa tisa usiku. Kwa leo, lala kwa ubavu, wa kushoto ukiweza, mto katikati ya magoti, na simu iache sebuleni.